Siri ikiwekwa mwisho, safari nzima inakosa uzito: uchambuzi wa kisa cha filamu ya marafiki watatu na gari moja

Usuli

Kisa hiki ni cha filamu moja ya drama, wanawake watatu waliojuana tangu shule wanasafiri siku mbili kwa gari, na mimi niliitwa kama mshauri wa hadithi wakati editi ya kwanza imeshaisha na watu kwenye timu wameanza kutupiana lawama. Jina la filamu nimeliondoa, majina ya waigizaji na timu pia, sehemu walikoshutia na mwaka pia, na baadhi ya vitu kwenye stori nimevigeuza ili wasijulikane, ila tatizo lenyewe nimeliacha lilivyo maana ndo lenye somo. Naandika kwa ajili ya wale wanaoandika skripti za aina hii sasa hivi, maana kila nikipewa skripti ya marafiki wa kike safarini naona tatizo lile lile linarudi.

Wahusika nitawaita kwa viti vyao: Dereva, Wa Mbele na Wa Nyuma. Nimefanya hivyo makusudi na utaona mbele kwa nini viti vina maana.

Stori iko hivi. Zamani hawa watatu walifungua biashara pamoja, ikafa. Kitu pekee kilichobaki ni gari la biashara, na sasa limepata mnunuzi anayekaa mbali kwa hiyo wanalipeleka wote watatu, wakishalipwa wanagawana na kila mtu anarudi kwake. Wa Nyuma ndo alikuwa anashika vitabu vya hesabu, na miaka yote hiyo anaamini biashara ilikufa kwa sababu alikosea mahesabu. Ukweli ni kwamba Dereva alichota hela za mtaji kimya kimya kwa shida zake za nyumbani, akashindwa kurudisha. Na Wa Mbele alijua. Alijua tangu mwanzo na hakusema kitu kwa mtu yeyote.

Hiyo stori ni nzuri sana na nilimwambia mwandishi hivyo siku ya kwanza nilipokutana naye. Ina makosa mawili ndani ya urafiki mmoja, la aliyechukua na la aliyenyamaza, na mtu wa tatu anabeba mzigo wa wote wawili bila kujua. Watu wengi wakiandika urafiki wa wanawake wanakimbilia mwanaume, yaani wawili wanamgombania mmoja, huyu mwandishi yeye alikuwa na kitu kizito zaidi mkononi. Shida ilikuwa wapi alikiweka.

Kilichotokea

Kwenye skripti siri ilikuwa inatoka kwenye dakika ya 80 hivi. Kabla ya hapo mtazamaji hajui lolote, anaona tu marafiki watatu wanaendesha, wanacheka, wanagombana kidogo kuhusu madirisha na muziki, gari linaharibika, wanampa lifti mwanaume mmoja ambaye anakaa nao kwenye gari kwa muda mrefu na kumtongoza Wa Mbele, wanapotea njia, wanalala sehemu mbaya. Alafu dakika ya 80 Dereva anasimamisha gari na anakiri, sini ya kurasa nne, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa skripti kwa kawaida unatoa kama dakika moja ya filamu, hizo ni dakika nne za mtu mmoja kuongea.

Kwenye kushuti walijitahidi kweli. Sini za ndani ya gari ni ngumu kuliko zinavyoonekana. Mwigizaji kuendesha mwenyewe huku anaigiza ni hatari, macho yake yako kwenye hisia badala ya barabara, kwa hiyo sehemu kubwa gari lilipandishwa kwenye lobedi, yaani trela la kubebea magari, na likavutwa. Faida moja kubwa ya hiyo ni kwamba injini ya gari la wahusika inazimwa, maiki zinapata mazungumzo safi, alafu mlio wa injini unawekwa baadaye kwenye editi. Hasara ni kwamba gari likikaa juu ya trela linakuwa juu kuliko magari mengine, ukiangalia dirishani unaona mapaa ya magari yanayopishana nao, kwa hiyo inabidi trela iwe ya chini kabisa au uchague pembe ya kamera inayoficha. Pia mwigizaji anasahau kwamba usukani hauna kazi na anaanza kuuzungusha kulia kushoto wakati barabara imenyooka. Muongozaji alilisimamia hilo vizuri, aliweka mtu mmoja kazi yake ni kuangalia mikono ya Dereva tu.

Kioo cha mbele nacho ni kazi. Ukishuti uso kupitia kioo unapata anga na miti juu ya sura ya mtu, kwa hiyo unaweka filta ya poleraiza ili kupunguza mwako, lakini hiyo filta inakula mwanga, kama stopu moja na nusu mpaka mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), na jioni mwanga wenyewe ni kidogo. Ndo maana sini nyingi za jioni za hii filamu zimeshutiwa kutoka ndani, kamera imekaa kwenye dashibodi au kiti cha nyuma. Hii itakuja kuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga.

Na kitu kimoja zaidi, uchafu wa gari. Gari linalosafiri siku mbili linachafuka taratibu, na kwa kuwa hawakushuti kwa mpangilio wa stori walikuwa wanapiga picha za gari kila mwisho wa sini ili wajue vumbi limefika wapi. Kumbuka hilo.

Editi ya kwanza ikatoka na urefu wa karibu saa mbili. Wakaonyesha kwa watu wachache wasiohusika na kazi, na majibu yalifanana mno. Kwamba inachosha mpaka karibu na mwisho. Kwamba ile sini ya kukiri inashtua ila ukishashtuka basi. Na lile lililomuumiza kila mtu kwenye timu, kwamba yule wa nyuma anakera, kila saa anaomba msamaha, samahani nimechelewa, samahani nimekaa vibaya, samahani nimeuliza, mtu mmoja akasema natamani wamshushe njiani.

Hapo ndo lawama zikaanza. Prodyuza akasema mwigizaji wa Wa Nyuma amezidisha. Muongozaji akasema skripti ndefu. Mwandishi akasema editi imeua kasi. Mhariri akasema yeye ameunganisha alichopewa.

Maamuzi na sababu zake

Nilisoma skripti kwanza kabla ya kuangalia editi, alafu nikaomba tukae watu wanne tu: muongozaji, mwandishi, mhariri na mimi. Pendekezo langu lilikuwa moja, siri itoke mwanzoni, dakika ya 18 hivi. Mtazamaji ajue, Wa Mbele anajua, Dereva anajua, asiyejua abaki Wa Nyuma peke yake.

Mwandishi alikataa na sababu zake zilikuwa za maana kwa hiyo tulizijadili kwa muda mrefu. Alisema ukitoa siri mapema unaua mshtuko, na mshtuko ndo kitu ambacho watu wanakikumbuka wakitoka. Nikamkumbusha ule mfano ambao muongozaji Alfred Hitchcock alimpa muongozaji mwenzake François Truffaut kwenye mahojiano yao yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966: watu wanaongea mezani, bomu linalipuka, mtazamaji anapata sekunde 15 za mshtuko. Mwonyeshe bomu liko chini ya meza kabla, alafu waache waendelee na yale yale mazungumzo ya kawaida, sasa una dakika 15 za wasiwasi. Maneno ya mezani hayajabadilika hata moja ila mtazamaji ana kazi ya kufanya sasa.

Akajibu na mfano wake ambao ulikuwa mzuri zaidi, na nataka niuchambue kwa sababu watu wengi wanautumia vibaya. Akasema Thelma & Louise, ya mwaka 1991, Ridley Scott kaongoza, skripti ya Callie Khouri ambayo ndo ilikuwa yake ya kwanza na ikachukua Oscar ya skripti asilia mwaka uliofuata, ina siri ambayo haitoki kabisa. Kilichompata Louise, mmoja wa marafiki wawili wanaokimbia polisi kwa gari, zamani huko Texas hakielezwi mpaka filamu inaisha, tunakisia tu. Sasa kama filamu kubwa kuliko zote za wanawake barabarani inaficha siri mpaka mwisho, kwa nini sisi tuitoe dakika ya 18?

Kwa mtazamo wangu jibu liko kwenye ramani. Louise anakimbilia Mexico na anakataa kabisa kupita Texas, njia ambayo mtu yeyote angeipita, na Thelma anamshangaa. Kwa hiyo siri haijasemwa ila inaendesha gari, inachagua barabara, inawaongezea safari na hatari, na mtazamaji anaona kwa macho yake kwamba kuna kitu kinamvuta huyu mwanamke pembeni. Maneno ndo yamefichwa, nguvu ya siri iko wazi kuanzia mwanzo. Kwenye skripti yetu siri ilikuwa imelala. Ungeweza kuitoa kabisa na dakika 80 za kwanza zisibadilike hata sini moja, wangepitia barabara zile zile, wangelala sehemu ile ile. Mwandishi alinyamaza kidogo alafu akasema kwa hiyo tuchague, ama siri ionekane inafanya kitu, ama ijulikane. Ndo hivyo hasa. Na kwa kuwa filamu ilishashutiwa, ya kwanza ilikuwa haiwezekani tena.

Prodyuza alitupa siku moja ya kushuti nyongeza, zaidi ya hapo bajeti haikuwepo. Kwa hiyo mwandishi akaandika sini moja tu, na nasema kwa dhati ni sini bora kwenye filamu yote. Gari liko kituo cha mafuta. Wa Nyuma ameshuka kwenda kulipa na kununua maji. Wawili wamebaki ndani, wanaangalia mbele wote.

Wa Mbele: "Mwambie leo."

Dereva: "Tukifika."

Wa Mbele: "Bado anajua ni yeye. Jana kaniuliza tena ile hesabu alikosea wapi."

Dereva: "Ukamwambia nini?"

Wa Mbele: "Nikamwambia alale."

Alafu mlango wa nyuma unafunguliwa, Wa Nyuma anaingia na chupa tatu za maji na kusema, "Samahani, foleni ilikuwa ndefu."

Basi. Haizidi dakika moja. Hakuna anayeeleza hela ngapi, lini, kwa nini, mtazamaji anashika kwamba kuna hesabu, kuna mtu anajilaumu na hawa wawili wanajua si yeye. Mwandishi alikuwa na toleo refu lenye maelezo yote na muongozaji akalikata akisema gari limesimama dakika moja tu kituoni, hawana muda wa kusimuliana wanachokijua wote wawili. Hiyo ni hoja ambayo ningependa kila mwandishi aishike: watu wawili wenye siri moja hawaelezani hiyo siri, wanagombana kuhusu lini itasemwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kumtoa yule mwanaume wa lifti. Kumtoa kabisa, sio kumpunguza. Hapa mwandishi alijitetea kwa kile kipimo cha Bechdel, kile kilichotokea kwenye katuni ya Alison Bechdel mwaka 1985, kwamba kuwe na wanawake angalau wawili, waongee wenyewe kwa wenyewe, kuhusu kitu kingine tofauti na mwanaume. Kwa kweli skripti ilikuwa inapita. Ila kile kipimo ni cha chini sana, kinasema mlango uko wapi, hakisemi ndani ya nyumba kuna nini. Filamu inaweza kupita kwa sentensi mbili kuhusu hali ya hewa. Hapa wanawake walikuwa wanaongea mambo mengine, sawa, lakini jamaa akiingia kwenye gari mazungumzo yote yanamgeukia yeye, na kibaya zaidi uwepo wake unawapa wote watatu kisingizio cha kutoongea lile la kwao. Mtu wa nje akiwa kwenye gari familia inajikaza. Kwenye filamu ambayo injini yake ni kitu kisichosemwa, huyo mgeni ni tundu kwenye tanki.

Muongozaji alitaka kumbakiza kidogo kwa sababu mwigizaji alikuwa mzuri. Mhariri akaunganisha toleo lisilo na yeye na kutuonyesha bila kusema kitu, na hakuna aliyeuliza jamaa kaenda wapi. Ikaisha hapo.

Uamuzi wa tatu ndo ulionifurahisha zaidi. Kulikuwa na sini ilishashutiwa, siku ya pili kwenye stori, Dereva amechoka na Wa Nyuma anashika usukani kwa mara ya kwanza. Kwenye editi ya zamani ilikuwa ya kupumzisha tu, anaendesha polepole, wenzake wanamtania. Mhariri akasema tuihamishe, ije mara tu baada ya kituo cha mafuta. Sasa fikiria: tumejua Dereva alimfanyia nini Wa Nyuma, alafu Dereva anahamia kiti cha nyuma na kwa kuwa kamera iko ndani ya gari kwa sababu zile za mwanga na kioo, tunamwona anaiangalia shingo ya rafiki yake kwa muda mrefu wakati yule anaendesha kwa furaha kama mtoto aliyeruhusiwa. Mwigizaji siku ile aliambiwa acheze uchovu. Lakini ukijua unachokijua hauoni uchovu, unaona hatia. Hilo ndo lile muongozaji wa filamu Lev Kuleshov wa Urusi alilionyesha miaka mingi iliyopita, uso ule ule ukiunganishwa na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiunganishwa na jeneza wanaona huzuni.

Tatizo likawa vumbi. Siku ya pili gari ni chafu, siku ya kwanza safi. Zile picha za gari zikatusaidia kujua hasa shoti zipi haziwezekani, na mhariri akatumia zile za ndani tu, nyuso na mikono, akaacha zote zinazoonyesha bodi. Kwa hiyo sini ikawa imebana zaidi kuliko mwanzo na nadhani imefaidika.

Uamuzi wa nne, ile hotuba ya kukiri. Mtazamaji sasa anajua kila kitu kwa hiyo hotuba inamwambia asichohitaji. Mhariri alipoikata tukakuta ndani yake, katikati kabisa ya ukurasa wa tatu, kuna mstari mmoja wa Wa Nyuma ambao kwenye editi ya zamani ulikuwa unapita bila mtu kuusikia. Dereva anamaliza kusema, Wa Nyuma hamwangalii hata kidogo, anamgeukia Wa Mbele na kuuliza, "Na wewe ulikuwa unajua?"

Toleo la mwisho la sini hiyo ni Dereva anasema "Ile hela," anashindwa kumaliza, kimya, Wa Nyuma anaelewa, alafu huo mstari. Muongozaji alikubali kupoteza karibu dakika tatu za uigizaji mzuri wa Dereva. Mwigizaji mwenyewe hakufurahi na sidhani alipaswa kufurahi, ile ilikuwa kazi yake ngumu kuliko zote, ila filamu haikuwa inaihitaji tena.

Matokeo

Filamu iliishia kama dakika 94. Ilionyeshwa tena kwa watu wengine na yule yule Wa Nyuma aliyekuwa anakera akawa ndo mtu wanayemwongelea wote. Hakuna samahani hata moja iliyopunguzwa, naomba hilo lisomwe vizuri, mhariri hakukata hata moja na mwigizaji hakurudia kitu. Zile zile samahani. Kabla ya kituo cha mafuta ni tabia ya kuudhi, baada ya pale kila moja inakuwa ni deni analolipa mtu asiyedaiwa, mbele ya wawili wanaojua hadaiwi na hawasemi. Mtu mmoja alisema alianza kuzihesabu na akashindwa kuendelea.

Vichekesho vya mwanzoni navyo vilipata maana nyingine. Kuna sehemu Dereva anamwambia Wa Nyuma kwa utani asije akahesabu vibaya chenji, wote wanacheka. Zamani watu walicheka pia. Sasa chumba kilikaa kimya na mtu mmoja akavuta pumzi kwa nguvu.

Lakini majibu yalileta malalamiko mapya, na yalifanana kama yale ya kwanza. Kwa nini Wa Mbele alinyamaza? Karibu wote waliuliza. Na filamu haina jibu.

Uchambuzi

Nianze na hilo lililokwama kwa sababu ndo kubwa. Skripti ya awali ilimwona Dereva ndo mwenye kosa na Wa Nyuma ndo aliyekosewa, Wa Mbele alikuwa ni mtu wa kuleta utani na wa kutongozwa na jamaa wa lifti. Tulipomtoa jamaa tukaondoa sini zake nyingi, na tulipouinua ule mstari wa "na wewe ulikuwa unajua" tukamsukuma katikati ya filamu bila kumpa mguu wa kusimamia. Yaani swali kubwa zaidi la stori linaulizwa kwa mhusika ambaye tunamfahamu kidogo kuliko wote. Kwenye uso wa mwigizaji kuna kitu, anainamisha macho na anashika mkanda wa kiti, lakini uso pekee haukutosha kubeba miaka ya ukimya.

Na mimi naamini yeye ndo alikuwa mhusika mkuu tangu mwanzo. Kwenye urafiki wa watu watatu anayejua na kunyamaza ana stori ngumu kuliko aliyekosa, kwa sababu aliyekosa anaweza kuomba msamaha kwa tendo, yeye ataomba msamaha kwa nini hasa? Alikuwa anamlinda nani? Alikaa kimya kwa kumpenda Dereva, au kwa kuogopa akisema atabaki bila wote wawili, au kwa sababu kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi ya mwaka kabla yake? Yoyote kati ya hizo ni filamu. Nilimwuliza mwandishi na alikuwa na jibu, zuri tu, alilijua siku zote ila hakuliweka kwenye ukurasa kwa sababu alidhani litaharibu mshtuko wa dakika ya 80. Hapo unaona jinsi siri iliyowekwa mwisho inavyofunga milango mingine, kila sini ambayo ingemwonyesha Wa Mbele akihangaika ilibidi isiandikwe maana ingemvujishia mtazamaji.

Kilichosaidia ni mambo mawili na yote yanahusu gari lenyewe. Gari linawafungia watu pamoja bila kuwalazimisha kuangaliana. Ndo maana mtu anaweza kukwambia barabarani kitu ambacho mezani asingekisema, macho yake yana sehemu ya kwenda. Sini ya kituo cha mafuta imesimama kwa sababu hiyo, wale wawili hawaangaliani hata mara moja. Na muongozaji alikuwa na nidhamu ya kuweka maangaliano machache tangu kwenye kushuti, kwa hiyo Wa Nyuma anapogeuka kumtazama Wa Mbele kwenye lile swali, mgeuko tu unasikika.

La pili ni viti. Kwenye editi ya zamani kila mtu alikaa kiti chake kwa karibu filamu nzima na hakuna aliyeliona hilo kama tatizo. Kuhamisha sini moja ya kubadilishana viti kulileta mabadiliko makubwa ya nguvu kati yao bila neno jipya. Anayeendesha anaamua, anayekaa mbele anaona njia na anaweza kugusa redio na ramani, anayekaa nyuma anaongelewa kwa kupitia kioo na inabidi ainame mbele ili asikike. Ukiandika skripti ya namna hii chora jedwali, kila sini nani kakaa wapi na kwa nini kahama, na ukikuta safu nzima haibadiliki jua kwamba urafiki wao nao haujasogea.

Vikwazo vya barabarani, gari kuharibika na kupotea njia, tulivibakiza na sina mengi ya kusema juu yake. Vilikuwa vya kawaida na vimebaki vya kawaida, ila vinavumilika zaidi kwa kuwa sasa kila kikwazo kinachelewesha kufika, na Dereva alishasema atamwambia wakifika.

Kuhusu ile siku moja ya nyongeza, prodyuza aliniuliza baadaye kama kulikuwa na namna ya kuitumia vizuri zaidi. Ningeigawa. Sini ya kituo cha mafuta ilichukua nusu ya siku kwa sababu gari limesimama, hakuna lobedi, hakuna kufunga barabara, nusu iliyobaki walirudia shoti za kupita za gari kwa mbali ambazo tayari walikuwa nazo nyingi. Ile nusu ingetosha kabisa kwa sini moja ya Wa Mbele usiku ule waliolala njiani, Wa Nyuma kwenye kitanda cha pili anauliza ile hesabu alikosea wapi, na yeye anamwambia alale. Mazungumzo hayo tayari yapo, yanatajwa kituoni kama kitu kilichotokea jana. Ilikuwa ni kuyashuti tu na kumwachia kamera Wa Mbele baada ya mwenzake kulala. Ratiba ya stori nayo ingebidi isogee, usiku uje kabla ya kituo, na mhariri alinionyesha kwenye mpangilio wake kwamba inawezekana kwa kuhamisha sini mbili.

Mwandishi sasa hivi ana skripti nyingine mkononi, ya dada wawili na mama yao, na wameniomba niisome. Nimeshamwandikia kitu kimoja kabla hata sijaifungua: anitumie pamoja nayo ukurasa mmoja unaosema kila mhusika anajua nini, na tangu lini.